Taa ya injini ikiwaka: isome kwanza, uizime baadaye

Kila mwenye gari katika kaunti yetu ameiona, au ataiona siku moja. Ni taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la injini, na katika baadhi ya magari ina neno CHECK. Unatoka Voi asubuhi, umepita Mwatate, unaanza kupanda kona za kuelekea Wundanyi, na taa hiyo inawaka. Gari linaendelea kutembea. Je, usimame? Uendelee? Uende kwa yule fundi anayesema ataizima kwa dakika mbili?

Makala haya yanawahusu wenye magari ya nyumbani, wenye matatu na wale wanaopeleka mboga na ndizi Kongowea kwa pikapu. Tunaeleza taa hiyo inasema nini, namna ya kujua kasoro ilipo, na lini ni halali kuizima. Tumeyaandika kwa sababu watu wengi hulipa mara tatu kwa kasoro moja: mara ya kwanza kuizima taa, mara ya pili kununua spea isiyohusika, na mara ya tatu kutengeneza kilichoharibika wakati taa imezimwa.

Manjano si nyekundu

Tuanze na tofauti ambayo inaweza kuokoa injini yako leo. Taa ya manjano ya injini ni onyo. Taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili kinachodondosha tone, au nyekundu yenye umbo la kipimajoto, ni amri. Nyekundu ikiwaka ukiwa barabarani, toa gari kando na uzime injini hapo hapo. Usiseme utafika petroli steshoni iliyo mbele. Injini isiyo na shinikizo la oili inaweza kufa kabla hujafika.

Ya manjano nayo ina hali mbili. Ikiwaka na kutulia, na gari linavuta kama kawaida, unaweza kuendelea na safari kwa utaratibu, ukijua kwamba litafika gereji siku chache zijazo. Ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, huku gari linatetemeka na halina nguvu, hiyo si ya kusubiri. Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi hazichomi petroli. Petroli hiyo mbichi inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya kisafisha moshi, kile chombo kilicho kwenye bomba la moshi kabla ya sailensa. Chombo hicho hupata moto mkali kupita kiasi, na ndani yake huweza kuyeyuka. Kwa hiyo punguza mwendo, toa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama na usimame. Tena usisimamishe gari juu ya nyasi kavu. Kando ya barabara zetu za Tsavo wakati wa kiangazi, bomba lenye moto wa namna hiyo linaweza kuwasha nyasi zilizo chini ya gari.

Taa hii ilitoka wapi

Wengi hudhani taa ya injini imewekwa kumwambia dereva kwamba injini inaharibika. Chanzo chake ni moshi. Jimbo la California nchini Marekani, lililokuwa na shida kubwa ya hewa chafu mijini, ndilo lililoanza kuwalazimisha watengenezaji kuweka mitambo ya kugundua kasoro inayochafua hewa. Kufikia mwaka 1996 magari yote madogo mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na mfumo mmoja unaofanana, unaojulikana kama OBD-II. Ulaya na Japani zilifuata na mifumo yao iliyo karibu sana na huo.

Ndani ya gari kuna kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwa sensa nyingi: joto la maji ya injini, kiasi cha hewa kinachoingia, oksijeni iliyobaki kwenye moshi, mzunguko wa injini na kadhalika. Kompyuta hiyo inajua kipimo cha kawaida. Kipimo kikitoka nje ya mipaka, inaandika namba kwenye kumbukumbu yake na kuwasha taa. Namba hiyo ndiyo msimbo, ambao mafundi wetu huuita kodi. Si kodi ile ya KRA, ingawa ukiipuuza nayo itakudai.

Kwa hiyo taa ni kama mtu anayebisha hodi. Bado hujajua amekuja na habari gani.

Kusoma msimbo

Karibu magari yote tunayoagiza kutoka Japani leo yanaweza kusomwa kwa mashine ya kawaida, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Yale ya zamani zaidi, ya miaka ya tisini, yalisomwa kwa kuunganisha matundu mawili kwa waya kisha kuhesabu taa inavyopepesa. Mafundi wazee bado wanakumbuka. Ikiwa una gari la aina hiyo, mtafute mmoja wao.

Angalia chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva. Kuna soketi yenye matundu 16. Hapo ndipo mashine inapochomekwa. Gereji nyingi sasa zina mashine hiyo, na kuna kifaa kidogo cha bluetooth kinachounganishwa na simu yako kupitia programu, ambacho bei yake ni chini ya gharama ya kujaza tangi. Vile vya bei ya chini kabisa vingine havifanyi kazi, kwa hiyo omba kukijaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Mwenye magari mawili au matatu ya biashara hatajuta kuwa na chake.

Msimbo una herufi moja na namba nne, kwa mfano P0301. P ni ya injini na giaboksi. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba maana ya msimbo ni ile ile kwa magari ya kampuni zote. Ikiwa ni 1, mara nyingi maana yake ni ya kampuni iliyotengeneza gari hilo, na mtu asitumie orodha ya Toyota kusoma Subaru. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo wa gari, joto la injini, mzunguko. Andika vyote au vipige picha kwa simu. Habari hizi ndizo zinazomwambia fundi kama kasoro ilitokea injini ikiwa baridi asubuhi au ikiwa inapanda mlima na mzigo, na mtu akifuta msimbo, zote zinafutika pamoja nao.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Msimbo unataja dalili, na mara chache sana unataja spea ya kununua. Ukisomewa msimbo wa sensa ya oksijeni, haina maana kwamba sensa imekufa. Huenda inasema ukweli kuhusu moshi mbaya, au waya wake umeguguna na panya, jambo ambalo wenye kulaza magari karibu na ghala la mahindi wanalijua vizuri.

Misimbo tunayokutana nayo

P0301 hadi P0304 inasema silinda fulani haichomi: namba ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Kuna kipimo kizuri kisichogharimu kitu. Kama msimbo ni wa silinda ya kwanza, fundi azime injini, atoe koili ya silinda hiyo, aiweke kwenye ya tatu, na ile ya tatu aiweke kwenye ya kwanza. Afute msimbo, mwendeshe gari kidogo. Msimbo ukihamia silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu, na utanunua moja tu badala ya nne. Msimbo ukibaki pale pale, koili haina hatia. Mfanye vivyo hivyo na plagi. Ukikataa tena kuhama, sasa muangalie sindano ya petroli na mgandamizo wa silinda. Fundi anayekataa kufanya jaribio hili la robo saa na kukutaka ununue seti nzima, muulize sababu.

Wakati mwingine mkosaji ni mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa huchafua plagi na kuifanya injini ikohoe. Mchanganyiko huo ulikuwa na faida kubwa kwa wauzaji wabaya mafuta taa yalipokuwa ya bei ya chini, ndiyo maana mwaka 2018 Serikali ya Kitaifa ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa kishawishi hicho. Taa ikiwaka muda mfupi baada ya kuongeza mafuta, weka risiti. Malalamiko ya mafuta machafu hupelekwa EPRA, na bila risiti ni vigumu kusikilizwa.

P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Huku kwetu, anza na vumbi. Gari linalozunguka kwenye barabara za mashamba ya mkonge au nje ya lami kuelekea vijijini linahitaji filta ya hewa mapema kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Vumbi likipita filta hukaa kwenye sensa ya hewa, ambayo ni waya mwembamba sana. Husafishwa kwa dawa yake maalum ya kupuliza; ikiguswa kwa kitambaa au mswaki inakatika. Kisha kagua bomba la mpira kati ya filta na injini, hasa mikunjo yake. Ufa mdogo hapo unaingiza hewa ambayo sensa haikuihesabu. Hayo yakiwa sawa, ndipo uende kwenye filta ya petroli na pampu.

P0128 unahitaji maelezo zaidi kwa sababu kasoro hii mara nyingi tunaitengeneza wenyewe. Msimbo unasema injini imechukua muda mrefu mno kupata joto lake. Chanzo cha kawaida ni themostati, kale kalango kadogo kanachofungia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa magari mengi karibu nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi. Kuna imani iliyoenea katika gereji zetu kwamba kifaa hiki ni cha nchi za baridi, na kwamba Afrika hakihitajiki. Gari likipata joto kupita kiasi hata mara moja, kinang'olewa na kutupwa.

Imani hiyo si sahihi. Injini imepangwa kufanya kazi katika joto hilo hilo, iwe Voi, Wundanyi au Tokyo. Maji yakizunguka bila mlango, injini hubaki baridi, hasa usiku na asubuhi kwenye mteremko wa kutoka milimani, ambapo inapozwa na upepo na haifanyi kazi kubwa. Kompyuta ikiona injini ni baridi huongeza petroli, kama vile ndiyo kwanza imewashwa. Matokeo ni matumizi makubwa ya mafuta, moshi mzito, oili inayochafuka haraka na silinda zinazolika. Kama gari lilikuwa linapata joto kupita kiasi, sababu yake bado ipo: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka au maji yanayovuja. Themostati mpya ni ya bei ndogo ukilinganisha na petroli utakayochoma mwaka mzima bila yenyewe. Ikiwa umenunua gari lililotumika hapa nchini na sindano ya joto haipandi inavyotakiwa, muulize fundi wako moja kwa moja kama kifaa hicho kimo.

P0420 inasema kisafisha moshi hakisafishi vya kutosha. Kabla ya kukubali kwamba kimekufa, kagua kama bomba la moshi linavuja mahali popote mbele yake, kama sensa ya oksijeni ya nyuma inafanya kazi, na kama kuna msimbo wa silinda isiyochoma, kwa sababu hiyo ndiyo hukiua. Uwe macho hapa. Ndani ya chombo hicho kuna kauri yenye matundu kama sega la nyuki, iliyopakwa madini ya platinamu, paladi na rodi, na kuna watu wanaoinunua. Ndiyo maana utaambiwa kwamba "inabana gari", itolewe ili upate nguvu. Wewe utabaki na taa isiyozimika, kelele na harufu ya moshi. Mwingine atabaki na madini. Ikilazimu kitolewe kweli, chombo hicho ni mali yako na uamuzi wa kukiuza ni wako.

Ushauri wa kukaza kifuniko cha tangi la petroli, ambao hutolewa sana, unahusu hasa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako sheria inataka gari lipime lenyewe uvujaji wa mvuke wa petroli. Hakikisha kifuniko kimefungwa, lakini usitegemee kwamba hiyo ndiyo dawa ya gari lililotoka Japani.

Wenye magari madogo ya dizeli ya miaka ya karibuni wana tatizo lao. Tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya ina salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini magari hayo yaliundwa kwa dizeli ya Japani yenye sehemu 10. Filta yake ya masizi hujisafisha kwa kuyachoma masizi wakati gari linaenda mwendo wa barabara kuu kwa muda. Linalozunguka mjini tu, safari za dakika tano tano, halipati nafasi hiyo, na filta inaziba. Safari ya Mtito Andei na kurudi bila kukatiza mwendo wakati mwingine hufanya kazi ambayo gereji ingelipisha.

Kuizima

Kasoro ikishatengenezwa, taa huzimwa kwa mashine ile ile iliyoisoma: unachagua kufuta, gari likiwa limewashwa swichi bila injini kunguruma. Hata usipofuta, magari mengi huzima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kompyuta kuiona kasoro tena. Msimbo hubaki kwenye kumbukumbu na kufutika baada ya injini kupata joto na kupoa mara 40 hivi.

Njia ya pili ni kutoa waya wa hasi wa betri kwa dakika kumi na tano. Inafanya kazi kwa magari mengi, ila ina gharama zake. Redio nyingi za magari kutoka Japani hujifunga betri ikikatwa na kudai namba ya kufungulia ambayo mwenye gari hana. Kompyuta husahau namna ilivyojifunza kurekebisha petroli na mwendo wa injini ikiwa imesimama, kwa hiyo gari huweza kunguruma vibaya kwa siku kadhaa, na aina nyingine huhitaji kufundishwa upya kwa mashine. Kwa magari ya haibridi, usiguse kabisa nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo ni za umeme mkali unaoua.

Kufuta msimbo bila kutengeneza hakuna faida. Taa itarudi baada ya siku moja au wiki mbili, kulingana na jinsi kompyuta inavyopima kasoro hiyo. Katika muda huo hutajua kama ile ya silinda isiyochoma imekuwa mbaya zaidi.

Unaponunua gari

Anayeuza gari lenye kasoro huweza kufuta msimbo asubuhi ya siku unayokwenda kuliona. Wengine hutoa balbu au kufunika taa kabisa. Washa swichi bila kuwasha injini. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa ya injini lazima iwake pamoja na nyingine, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa katika hatua ya kwanza, kuna mtu ameigusa.

Halafu chomeka mashine. Programu nyingi zinaonyesha vipimo ambavyo kompyuta imekamilisha tangu msimbo ufutwe, na pia kilomita zilizotembea tangu siku hiyo. Vipimo vikiwa vingi havijakamilika na kilomita ni chache, muulize muuzaji kilichofutwa ni nini. Huenda betri ilibadilishwa tu. Mwambie mwendeshe pamoja mpaka Maungu na kurudi, kisha msome tena.

Haki yako gereji

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, ikiwemo makadirio ya gharama kabla ya kazi, idhini ya mteja na kurudishiwa spea zilizotolewa. Kwa hiyo kabla ya kuacha ufunguo, omba makadirio kwa maandishi, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na msimbo uliosomwa uandikwe juu yake. Ukija kuchukua gari, omba spea ya zamani. Omba pia mashine ichomekwe mbele yako. Msimbo ule ule ukirudi wiki inayofuata, rudi gereji na karatasi hiyo.